Karatasi ya Mwenzako

Tik. Kimya. Tik, tik.

Mama Chiriku alifumbua macho gizani akadhani panya amerudi. Alinyoosha mkono polepole kutafuta kandambili pembeni mwa kitanda, tayari kwa vita, ndipo aliposikia pumzi ndogo chini ya blanketi, pumzi ya mtu anayezuia kicheko kwa nguvu zake zote.

"Chiriku."

Tik.

"Chiriku, nipe hicho kikokotoo."

"Niko kazini," sauti ikajibu kutoka chini ya blanketi.

"Kazi gani saa hizi, watu wote wamelala?"

"Najumlisha."

"Unajumlisha nini?"

Chiriku alifikiri kidogo. "Vyote."

Mama Chiriku alitaka kucheka, lakini akakumbuka ni siku gani. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mtihani. Kampuni moja ya kusambaza dawa ilikuwa inatafuta mhasibu msaidizi, mmoja tu, na kati ya barua zote alizotuma tangu akaribie kumaliza masomo ya jioni ya uhasibu, ni hiyo pekee iliyomjibu.

Nyuma ya pazia lililogawa chumba, kitanda cha mama yake kililia. Mama yake, fundi cherehani, hakuwa mtu wa kuamka bila neno.

"Umelala wewe?"

"Nimelala kidogo, mama."

"Kidogo ni hapana. Haya, Mungu akufungulie. Lakini tusidanganyane, mwanangu. Ukipata kazi, utakaa. Usipopata, Jumamosi kaka yako anakuja kukuchukua, wewe na mtoto, ukamsaidie dukani kwake huko. Mimi na cherehani yangu tumefika mwisho wa kamba."

"Sawa, mama."

"Usiniitikie sawa, sawa, kama kasuku. Umesikia?"

"Nimesikia."

Mama yake akajigeuza kitandani. Kisha sauti ikashuka. "Na yule kijana wako wa darasani."

"Si wangu, mama."

"Haya, si wako. Mama yake alinisimamisha sokoni mbele za watu, akaniambia mwanawe hakuzaliwa kuja kulea mtoto wa mwanamume mwingine. Mimi! Na kikapu changu mkononi! Sasa asikanyage hapa. Nimemaliza."

Alikuwa hajamaliza, maana aliendelea kunung'unika mpaka alfajiri ikaingia dirishani. Mama Chiriku hakumsikia tena. Alikuwa amelala chali akimfikiria huyo kijana ambaye si wake.

Darasani walimwita Mizania, kwa sababu hakuwahi kufunga daftari kabla pande mbili za hesabu hazijalingana. Mchana alikuwa mtunza stoo kwenye duka la mabati. Jioni alikaa benchi moja na Mama Chiriku, na ni yeye aliyemfundisha kukagua: anza na karatasi za ankara, usianze na jumla, jumla ni mwongo mwenye uso mzuri. Siku ya somo la mwisho ndipo walipogundua kuwa wote wawili wameitwa kwenye mtihani uleule.

"Tuahidiane," Mama Chiriku alimwambia siku ile, chini ya taa ya korido ya shule. "Hakuna kuhurumiana."

"Nikikuona unazama?"

"Niache nizame."

Mizania alimtazama kwa muda, akatabasamu nusu mdomo. "Wewe mwanamke una roho ngumu."

"Nina mtoto," alijibu. "Sitaki akue akiambiwa kuwa mama yake alipewa."

Ahadi hiyo aliibeba leo kifuani kama kitu cha kioo.

*

Chumba cha mtihani kilikuwa ghorofani, kirefu, chenye feni inayozunguka kwa uvivu na meza zilizopangwa mbali mbali kama watu walionuniana. Kila mtu alipewa namba ya kubandika kifuani. Majina yaliachwa mlangoni.

"Dada, karibu," alinong'ona kijana mmoja mwenye tai nyekundu, jasho likimtoka mpaka masikioni. "Wanamtaka mtu mmoja. Sisi wengine tumekuja kupasha viti moto."

"Na wewe ni yule mmoja au ni wa viti?"

"Mimi? Mimi mke wangu ameshamwambia kila mtu kuwa nimepata."

Mama Chiriku alicheka, na kicheko kikakatika katikati. Mizania alikuwa amesimama mlangoni. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi vizuri, lakini uso ulikuwa wa mtu aliyekesha. Macho yao yakakutana. Muda ule mfupi alisahau namba yake, akasahau hata mkoba aliushika mkono gani. Mizania akaitikia kwa kichwa tu, akaenda kukaa upande wa pili, karibu na dirisha.

Mhasibu mkuu aliingia. Alikuwa mwanamke mwembamba, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi, sauti yake ya chini kiasi kwamba watu waliacha hata kukohoa ili wamsikie.

"Habari za asubuhi. Mtihani una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, mmepewa ankara za wauzaji na taarifa ya benki. Ziingizeni kwenye leja, mtoe urari. Sehemu ya pili, nitakusanya karatasi na kuzigawa upya. Kila mmoja atakagua karatasi ya mwenzake kwa kalamu ya kijani, kisha atasaini chini."

Tai Nyekundu akanyoosha mkono. "Samahani mama, yaani tunasahihishana?"

"Mnakaguana. Katika ofisi hii hakuna malipo yanayotoka kwa mkono mmoja. Mmoja anaandaa, mwingine anakagua, na saini ya mkaguzi ni dhamana. Ukiona kosa, liandike, alama ni yako. Ukiliacha likapita, hilo kosa sasa ni lako. Anzeni."

Kalamu zikaanza kukwaruza. Mama Chiriku alifungua ankara ya kwanza na tarakimu zikaogelea mbele ya macho yake. Pumua, akajiambia. Dawa ya kikohozi, makasha kumi. Glavu. Mabomba ya sindano. Akaziingiza moja moja. Alipofika kwenye urari, pale pande mbili zinapolinganishwa, upande wa debiti ulikuwa mzito kuliko wa krediti, na moyo wake ukashuka mpaka kwenye viatu. Akarudi nyuma kwa kidole. Alikuwa amesahau makato ya benki. Akayaandika. Pande zikalingana, na alipoinua kichwa aligundua kuwa ameuma kalamu mpaka kifuniko kimepasuka.

Karatasi zikakusanywa, zikachanganywa kama karata, zikagawiwa tena.

Aliyopewa haikuwa na jina, ila namba tu. Lakini alipoona saba ya kwanza, ikiwa na mkanda tumboni, hakuhitaji jina. Ni nani mwingine aliyekuwa akizivalisha saba zake mikanda? Miaka yote ile ya jioni alikuwa ameziona saba hizo benchi moja naye. Shingo ikapata joto.

Mwandiko ulikuwa safi, jumla zimelingana chini mpaka senti ya mwisho. Mtu mwingine angesaini hapohapo akaenda kunywa chai. Yeye akaanza na karatasi. Ankara moja, tiki. Ankara ya pili, tiki. Aliendelea hivyo mpaka akafika kwenye ankara ya bandeji.

Ankara ilisema elfu sita mia tatu. Kwenye leja palikuwa na elfu tatu mia sita.

Akarudia kusoma. Tarakimu zilikuwa zimegeuzwa, na kwa kuwa zilikuwa zimegeuzwa pande zote mbili, debiti na krediti, urari ulikaa sawa bila kulalamika. Kosa la namna hiyo jumla hailisemi. Anayeliona ni mtu anayeanza na karatasi. Ni mtu aliyefundishwa na Mizania.

Damu ikamchemka taratibu, kama maji yaliyowekwa kwenye moto mdogo. Mizania hageuzi tarakimu. Mizania huyu, aliyewahi kulizuia darasa zima lisiende nyumbani kwa ajili ya shilingi moja! Ameliweka kosa hapa kwa makusudi, mahali ambapo mimi peke yangu ningeliona, karatasi ikinifikia. Na kama isingenifikia mimi, bado angeshuka yeye ili mimi nipande. Amenihurumia. Baada ya yote tuliyoahidiana, amenifungia kazi kwenye karatasi ya zawadi.

Akainua macho. Kule dirishani, Mizania alikuwa anamtazama. Walipogongana macho, akainamisha kichwa haraka.

Basi. Hilo lilimtosha.

Alishika kalamu ya kijani. Akiliandika kosa, kazi ni yake, chumba ni chake, na Jumamosi kaka yake atarudi mikono mitupu. Lakini kila mwezi atakapopokea mshahara ataona saba zenye mikanda. Mama yake Mizania atasimama sokoni na kusema: hata kazi kapewa na mwanangu.

Sipewi, alisema moyoni.

Akaandika chini, Nimekagua, ni sahihi. Akasaini.

*

Alimkuta Mizania kwenye ngazi. Wengine walikuwa wameshashuka wakibishana majibu kwa sauti.

"Imekuwaje?" Mizania aliuliza.

"Usiniulize imekuwaje. Tulisemaje mimi na wewe?"

"Kuhusu nini?"

"Usijifanye hujui! Bandeji. Nimeiona."

"Bandeji gani, Mama Chiriku? Mbona sikuelewi?"

"Elfu sita mia tatu. Umeandika elfu tatu mia sita, pande zote mbili, ukaipamba na kuilaza vizuri ili nikaikute. Uliniona mimi ni wa kuhurumiwa?"

Mizania alishika ukingo wa ngazi. Rangi ilimtoka usoni kama nguo iliyoloweshwa mara ya kwanza. Midomo ikatembea bila sauti, akirudia tarakimu, na Mama Chiriku akajua kabla hajaambiwa.

"Niligeuza?" Mizania alinong'ona. "Mimi?"

"Hukukusudia?"

"Nikusudie? Jana nilimwambia mama kwamba nipate kazi nisipate, nitakuja kuongea na mama yako. Nyumba haikulala. Alilia mpaka asubuhi. Nimekuja hapa kichwa kinavuma kama mzinga. Halafu wewe ukawa unauma ile kalamu, nikasahau nilikuwa kwenye ankara ipi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Basi. Nimekosa kazi kwa uzembe wangu. Angalau umepata alama zake wewe."

Mama Chiriku aliuhamishia mkoba bega la pili.

"Umepata, sivyo?"

"Niliandika ni sahihi."

"Umeandika nini?"

"Na nikasaini."

Chini, mlango wa nje ulifunguka na kufungwa.

"Sikutaka zawadi yako," alisema, na sauti yake mwenyewe ikasikika ndogo masikioni mwake.

"Zawadi gani? Nani alikupa zawadi?" Mizania alisema polepole, na upole huo ulichoma kuliko kelele. "Benchi moja miaka yote ile, halafu ukaona mimi ni mtu wa kuvunja ahadi yetu na kudhani nakutendea wema. Hukuniuliza hata kwa jicho. Ulinihukumu, ukasaini."

Akashuka ngazi bila kugeuka nyuma.

Mama Chiriku alibaki ameegemea ukuta. Angeweza kushuka, kwenda nyumbani, kusema mtihani ulikuwa mgumu. Nani angejua? Lakini saini yake ilikuwa imelala kule juu, chini ya uongo, kwa wino wa kijani. Akageuka, akapanda.

Mhasibu mkuu alikuwa peke yake na kikombe cha chai na rundo la karatasi.

"Umesahau kitu?"

"Hapana, mama. Naomba kusema jambo kuhusu karatasi niliyokagua. Ina kosa kwenye ankara ya bandeji."

Mwanamke yule alivaa miwani, akaitafuta karatasi, akaisoma juu mpaka chini. "Umeandika ni sahihi."

"Ndiyo."

"Umeliona sasa hivi, ukiwa kwenye ngazi?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na ulikuwa wazi kabisa. Mama Chiriku alikataa kuupita. "Nililiona nikiwa nimekaa pale. Nilidhani mwenye karatasi ameliweka ili anisaidie. Nikakasirika. Nikaliacha."

"Kwani ulijua karatasi ni ya nani?"

"Namjua kwa saba zake."

Mhasibu mkuu alivua miwani. Aliichezea kwenye uzi wake. "Ni nani wako?"

Mwanafunzi mwenzangu, alitaka kusema. Jirani. Mtu tu. Mdomo ukafunguka na maneno mengine yakatoka, maneno ambayo hajawahi kumwambia mtu, hata mwenyewe mhusika.

"Ni mtu ninayempenda, mama."

Chai ilikuwa inapoa. Feni ilizunguka.

"Nafasi hii siwezi kukupa," mhasibu mkuu alisema hatimaye. "Hizi ni dawa. Siku moja utasaini kitu kwa hasira, na mtu hospitalini akose bandeji. Unanielewa?"

"Naelewa."

"Ukipewa karatasi ya mtu wako, unainua mkono, unairudisha. Hakuna aibu. Sheria hiyo ipo kwa sababu wote tuna watu." Akaweka karatasi pembeni, peke yake. "Mwenye karatasi hii naye hapati. Tukishafunga hesabu za mwaka kutakuwa na mtihani mwingine. Siahidi kitu. Lakini tangu nianze kusimamia mitihani hii, hakuna aliyewahi kupanda ngazi kurudi. Uje."

*

Mizania alikuwa amekaa kwenye benchi la mlinzi, nje ya geti, viwiko magotini.

"Nilidhani umeondoka," Mama Chiriku alisema.

"Nimekasirika. Kwani mtu akikasirika lazima aondoke?"

Alikaa kando yake, mkoba wake ukiwa katikati yao. Akamweleza yote. Alipofika kwenye lile swali akasita.

"Akauliza mimi ni nani wako," Mizania alisema. "Ukamwambia nini?"

"Nilimjibu."

"Ndiyo, ulimjibu nini?"

Mama Chiriku alitazama ncha za viatu vyake. "Wewe nisamehe kwanza."

"Nilishakusamehe pale kwenye ngazi ya tatu. Miguu tu ndiyo iliyokuwa inaendelea kushuka. Ulimjibu nini?"

Alimwambia, kwa sauti ya chini kuliko ya mhasibu mkuu. Mizania aliuchukua ule mkoba uliokuwa katikati, akauweka upande wa pili.

Baada ya muda akasimama. "Twende kwenu."

"Mama atakufukuza."

"Anifukuze nikiwa mbele yake. Nimechoka kufukuzwa nikiwa mbali."

Cherehani ilikuwa barazani, ikinguruma. Mama yake Mama Chiriku aliwaona tangu kwenye kona, lakini mguu haukuacha kukanyaga. Chiriku alikuwa chini ya meza akipanga vipande vya vitambaa.

"Shikamoo, mama," Mizania alisema.

"Marahaba. Kazi mmepata?"

"Hapana, mama."

"Nani kati yenu amekosa?"

"Wote wawili."

"Wote wawili!" Cherehani ikaongeza mwendo. "Mlikwenda kufanya mtihani au kupeana pole?"

"Mama," Mizania alisema, "nimekuja kukuomba radhi kwa maneno uliyoambiwa sokoni. Mama yangu nitaongea naye mwenyewe, leo na kesho mpaka anielewe. Na nimekuja kuomba wasiondoke Jumamosi."

"Wabaki wale nini? Urari?"

"Stoo ya mabati inanilipa. Si nyingi. Lakini niruhusu nisaidie kodi ya chumba hiki mpaka mtihani mwingine, mimi nikiwa naishi kwetu, kwa heshima zote. Mtihani ukipita, ndipo nije na wazee."

Mguu ukasimama. Mama yake alivuta uzi, akaukata kwa meno, akamtazama binti yake kwa jicho lililolowa kidogo.

"Huyu kijana anaongea. Wewe je? Kila nikikuuliza ni sawa, mama, sawa, mama. Kaka yako nimpigie simu nimwambie nini? Mimi siwezi kumwambia mwanangu mmoja asije kwa sababu mtu baki amesema. Sema wewe. Unataka kwenda au hutaki?"

Mama Chiriku alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Lakini aliona vidole vya mama yake vilivyotobolewa na sindano; akamkumbuka kaka yake, aliyembeba tangu baba yake Chiriku aondoke. Asubuhi alikuwa ameweza kumwambia mgeni yaliyo moyoni. Kumwambia mama yake mzazi hakuweza. Alisimama tu, machozi yakishuka, na Mizania akisubiri, na simu ikiwa tayari mkononi mwa mama yake.

Chini ya meza, Chiriku aliacha vitambaa, akatoa kichwa nje.

"Bibi, mama hataki kwenda."